Uwezo wa hiari katika Tasha's Cauldron of Everything: uzoefu wangu nikiwa mwendesha mchezo

Kwa anayecheza Dungeons & Dragons toleo la tano, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, kitabu hiki hakihitaji utambulisho mrefu. Kilitoka Novemba 2020, na mimi nilikinunua kwa ajili ya sura ya kwanza tu: ile inayozipa kada (aina za wahusika) zote 12 za kitabu cha msingi uwezo wa hiari, yaani uwezo usioingia mezani mpaka mwendesha mchezo aukubali. Vifaa vya ajabu na mafumbo ya mwishoni navipitia nikiwa na nafasi.

Uwezo huo uko wa namna mbili, na kitabu kinakuonyesha wazi kila mara. Upo unaoongezwa juu ya ule ulionao, na upo unaochukua nafasi ya wa zamani. Mwanzoni unaweza kudhani ni jambo dogo la mpangilio. Sivyo. Unaochukua nafasi humlazimu mchezaji aache kitu. Unaoongezwa haumdai chochote, kwa hiyo sijawahi kuona mchezaji akiukataa, na kila mhusika anaondoka na karatasi ndefu zaidi. Ndiyo maana mezani kwangu nilifungulia karibu yote ya kubadilishana, na ile ya kuongeza nikaichambua mmoja mmoja.

Uliopita mtihani wangu bila shida ni Steady Aim wa kada ya Rogue, wa ngazi ya 3 (kiwango alichofikia mhusika). Ni wa kuongezwa, ila gharama yake umeibeba ndani. Mhusika ambaye hajasogea katika zamu yake anatumia kitendo cha ziada kulenga, kisha katika shambulio linalofuata anarusha dadu ya pande 20 mara mbili na kuchukua namba kubwa. Baada ya hapo kasi yake ni sifuri hadi zamu iishe. Kama alihitaji 11 au zaidi ili apige, nafasi yake ilikuwa asilimia 50. Akilenga inapanda hadi 75. Tena inamfungulia Sneak Attack, zile dadu za ziada za madhara, hata kama hakuna mwenzake aliyesimama karibu na adui.

Lakini tazama anachotoa. Kitendo hichohicho cha ziada ndicho angekitumia kujificha au kuchomoka vitani. Tulikuwa na mpambano juu ya ukuta, maadui wanapanda kwa ngazi, na mchezaji wangu mwenye upinde akaamua kulenga. Alimwangusha wa kwanza. Wa pili alipofika juu, yule mpiga upinde alikuwa bado palepale, peupe, na meza nzima ikanyamaza kusubiri dadu yangu. Uwezo unaozaa uamuzi mgumu namna hiyo kila raundi naukaribisha hata kama haukuondoa kitu kwenye karatasi.

Kwa Ranger, kada ya wawindaji wa porini, mambo yamechanganyika. Natural Explorer ya kitabu cha msingi cha 2014 ilimtaka mchezaji achague aina ya ardhi. Akiwa humo, kundi lake halicheleweshwi na ardhi mbaya wakiwa safarini, halipotei isipokuwa kwa uchawi, na akitafuta chakula anapata maradufu. Kampeni ikihamia jangwani na yeye alichagua msitu, imekula kwake. Ikirudi msituni, safari yenyewe inakosa maana, kwa sababu hatari zake zote zimefutwa kwa mpigo. Deft Explorer inayochukua nafasi hiyo imegawanywa vizuri: ngazi ya 1 inampa umahiri maradufu katika ustadi mmoja pamoja na lugha mbili, ya 6 kasi zaidi na uwezo wa kupanda na kuogelea, ya 10 ustahimilivu wa uchovu. Inafanya kazi popote, na bado msitu unabaki msitu.

Favored Foe, uwezo mwingine wa Ranger, ndiyo iliyonipa mashaka. Inaongeza madhara ya dadu ya pande 4 mara moja kwa zamu, lakini inadai umakini (mhusika hushikilia kitu kimoja tu cha namna hiyo kwa wakati), na Hunter's Mark, uchawi ambao Ranger wengi huuchukua mapema, nao unadai umakini. Huwezi kushika vyote viwili. Rasimu ya majaribio ya Novemba 2019 ilikuwa na nguvu zaidi, ilikuwa inampa Hunter's Mark yenyewe bila kudai umakini, na naelewa kwa nini ilipunguzwa. Mimi nimeondoa sharti la umakini, nikaacha idadi ya matumizi kama ilivyo. Hakuna aliyelalamika, hata mwenye Fighter, kada ya wapiganaji.

Faida kubwa niliyoipata ni kujifunza kutunga wa kwangu. Second Wind ya Fighter humrudishia uhai wa dadu ya pande 10 pamoja na ngazi yake, mara moja kabla ya kupumzika. Nikatunga mbadala: aiache, na badala yake apunguze madhara yanayompata mwenzake aliye ndani ya futi 5 kwa kiasi kilekile, akitumia mwitikio wake (kitendo cha papo hapo cha kujibu tukio). Namba sikuzigusa, nilibadilisha nani anafaidika na lini. (Ndiyo, unakaribiana na Interception iliyomo humuhumu kitabuni. Ile haina kikomo zaidi ya mwitikio wako, ndiyo maana wangu ni mara moja tu.) Mchezaji aliyeuchagua sasa anahesabu hatua ili asimwache mganga peke yake, jambo ambalo zamani hakulijali.

Kama tayari una kitabu cha msingi cha 2024, fahamu kwamba baadhi ya uwezo huu umeshaingizwa humo: Steady Aim, kwa mfano, sasa ni ya kawaida kwa kila Rogue. Kwa wanaobaki na kile cha 2014, sura hii moja inalipa bei ya kitabu. Mezani kwangu naruhusu kubadilisha pale tu mhusika anapopanda ngazi, na mchezaji akijutia uamuzi wake, anasubiri ngazi ijayo.