Kimea kipi cha msingi ununue: vimea sita kwa mpangilio wa sukari unayoipata

Mpikaji wa bia ya nyumbani akitumbukiza haidromita, kifaa cha kupimia sukari kwenye maji ya kimea, na kukuta 1.040 alipotarajia 1.048, mtuhumiwa wa kwanza huwa kimea. Mara nyingi hakina hatia. Vimea vya msingi vya shayiri vinavyouzwa siku hizi hupishana kwa asilimia mbili tatu tu za sukari. Kinachokula nukta (1.048 ni nukta 48) ni kuparaza ovyo, maji ya joto lisilofaa na pupa ya kukamua machicha. Hata hivyo tofauti zipo, na nafaka chache zinaweza kukutia hasara kweli. Mpangilio huu ni wa mtu mwenye sufuria moja kubwa, mfuko wa kitambaa na kipimajoto, anayetaka sukari ya kutosha kwa fedha aliyotoa.

Hesabu kwanza, maana bila hesabu utanunua jina. Kilo moja ya sukari ya dukani ikiyeyushwa hadi ujazo wa lita 10 husoma 1.0384, yaani nukta 38.4; ukizidisha kwa lita 10, unapata nukta 384. Kimea ambacho cheti chake cha vipimo vya kiwandani kinataja sukari ya asilimia 81 kikiwa kikavu, chenye unyevu wa 4.5, kina takriban nukta 300 kwa kilo. Lita 20 za 1.048 zinahitaji nukta 960. Ufanisi wako, yaani sehemu ya nukta hizo unayoitoa kweli, ukiwa asilimia 75, nunua kilo 4.3. Ukiwa 65, ni kilo 4.9. Sasa linganisha: ukihama kutoka kimea cha 81 kwenda cha 79, unaongeza gramu 100 tu. Kwa hiyo kabla ya kubadili gunia, badili unavyoparaza.

Cheti chenyewe kidai. Kila shehena ya kiwanda cha maana huwa nacho, na muuzaji asiyeweza kukionyesha angalau akutajie namba ya shehena. Tazama unyevu (usizidi 5), protini (kati ya 9.5 na 11.5 kwa bia ya kimea kitupu), kisha nguvu ya vimeng'enya, yaani uwezo wa kimea kugeuza wanga kuwa sukari. Wamarekani huiandika kwa Lintner, Wajerumani kwa Windisch-Kolbach. Ya Kijerumani ongeza 16 ugawe kwa 3.5, upate Lintner. Mchanganyiko wako wote ukishuka chini ya Lintner 35 hivi, wanga utabaki wanga.

1. Kimea cheupe cha shayiri ya mistari miwili ya punje

Hiki ndicho cha kwanza, na sioni aibu kwamba ni cha kawaida. Kina asilimia 80 hadi 82, punje zake ni nene na za saizi moja, kwa hiyo kinu kikitegeshwa karibu milimita 1 hupasua karibu zote bila kusaga maganda kuwa unga. Cha Amerika Kaskazini mara nyingi hupita Lintner 120, kiasi kwamba kinaweza kubeba robo ya mahindi au mchele uliopikwa kwanza ukawa laini. Kwa mpikaji wa Arusha au Nakuru anayelipia kimea cha kuagizwa, uwezo huo wa kubeba nafaka ya nyumbani una thamani kuliko nukta mbili za cheti. Maji ya nyuzi 66 kwa saa moja yanatosha. Shayiri ya mistari sita ina vimeng'enya vingi zaidi lakini sukari pungufu na maganda mengi. Kwa kipimo hiki haina nafasi.

2. Pilsner

Sukari ni ileile. Ushauri wa zamani wa kupandisha joto kwa hatua ulihusu vimea ambavyo havikuoteshwa vya kutosha. Vya leo, kama cheti kinaonyesha Kolbach (asilimia ya protini iliyoyeyuka) kati ya 38 na 45, hupikwa kwa joto moja bila kupoteza kitu. Nimekiweka cha pili kwa sababu ya kuni, si sukari. Kimekaushwa kwa joto dogo, hivyo kimebaki na kemikali inayoweza kuipa bia harufu ya mahindi ya kopo, na dawa yake ni kuchemsha dakika 90 sufuria ikiwa wazi. Anayepikia Nairobi, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, asipunguze hata dakika moja hapo.

3. Maris Otter

Shayiri hii ilizalishwa Cambridge, Uingereza, ikatolewa miaka ya 1960, na wapikaji wa bia za Kiingereza bado wanaililia. Watu huisifu kwa ufanisi, na ni kweli kwamba hupasuka vizuri na hukamulika bila matata. Lakini sukari yake haizidi ya namba moja, na vimeng'enya vyake ni vichache, vinavyojitosha vyenyewe bila kubeba mizigo. Gunia likiwa ghali kwa theluthi, unalipia ladha ya mkate na biskuti. Mimi hulipa kwa bia ya Kiingereza, kwa nyingine hapana.

4. Munich

Kimekaushwa kwa joto kubwa zaidi. Rangi na ladha vimepanda, vimeng'enya vimeungua kiasi. Sukari ni asilimia 78 hadi 80. Cheupe chake hujigeuza chenyewe ukikipa dakika 75 au 90. Cheusi zaidi kichanganye nusu kwa nusu na Pilsner, na usithubutu kukiwekea unga wa mahindi.

5. Ngano

Hapa cheti hudanganya bila kusema uongo. Asilimia 84 na zaidi, vimeng'enya tele, halafu ufanisi unaanguka. Punje ya ngano ni ndogo na ngumu kuliko shayiri, hivyo kinu kilichotegeshwa kwa shayiri huiacha nzima, na punje nzima haitoi kitu. Iparaze peke yake, kinu kikiwa kimebanwa hadi milimita 0.8 hivi. Pia haina ganda, na maganda ndiyo yanayoacha njia ya maji kupita. Mwenye mfuko wa kitambaa ataminya na kupona. Mwenye ndoo ya kuchuja achanganye maganda ya mpunga yaliyooshwa vizuri. Mashine za kukoboa za Mwea au Mbeya zina lundo lake. Ngano isizidi nusu.

6. Mtama na ulezi

Vya mwisho kwa njia hii ya joto moja, ingawa ndivyo vinavyopatikana kirahisi kwetu na ndivyo vimebeba busaa na mbege tangu zamani. Shida ni joto. Wanga wa shayiri hulainika kwenye nyuzi 60 na kitu, vimeng'enya vikiwa bado hai. Wanga wa mtama hungoja hadi karibu 70 na zaidi, wakati kimeng'enya kinachotengeneza sukari kinakufa. Ukiupika kama shayiri utapata uji mzito na namba ya kusikitisha.

Njia yake ni hii: loweka kimea kilichosagwa kwenye maji ya nyuzi 50 kwa nusu saa, chota maji ya juu yenye vimeng'enya uyaweke kando, chemsha kilichobaki mpaka kilainike, kipoze hadi 65, kisha rudisha yale maji. Ulezi unaushinda mtama kwa nguvu ya vimeng'enya na ndio ningenunua kwanza. Epuka kimea cha sokoni chenye harufu ya uvundo au madoa ya kuvu, kwa bei yoyote.

Kuhusu gunia: la kilo 25 lina nafuu, lakini kwa Mombasa, Zanzibar au Dar nunua kadiri utakavyopika ndani ya miezi michache. Kimea kinachonyonya unyevu kutoka 4 hadi 8 kimekupunja asilimia nne ya uzito, tena kinakuwa kama mpira kwenye kinu. Kihifadhi kwenye pipa la mfuniko unaobana, kizima. Ukilazimika kuparaziwa dukani, omba kipitishwe kinuni mara mbili, upike ndani ya wiki mbili.