Kioo cha kale cha fremu ya mninga: uzoefu wangu, Mwanza

Kioo chenyewe ni cha mstatili, sentimita 100 kwa 60, kingo zake zimechongwa mshazari, na fremu ya mninga ina upana wa sentimita 8. Nilikinunua shilingi 160,000 kwenye duka la fenicha za mtumba katikati ya mji na sasa kina miezi saba ukutani. Nakipa nyota nne kati ya tano. Nyota iliyopungua ni ya muuzaji, kioo hakina kosa.

Kwanza tuondoe maneno ya dukani. Niliambiwa ni "cha Mjerumani". Mwanza kitu chochote kizee chenye mbao nzito ni cha Mjerumani, lakini Mjerumani aliondolewa hapa mwaka 1916, na reli ya kutoka Tabora ilifika 1928. Kabla ya hapo njia nyepesi ya kuleta mzigo wa kuvunjika ilikuwa reli ya Mombasa hadi Kisumu, iliyofika ziwani 1901, kisha meli. Vioo vikubwa vya wakati ule haviwezi kuwa vingi kama vinavyouzwa. Hiki nakikadiria miaka ya 1940 au 1950, na bei niliyolipa ni ya umri huo.

Nilijuaje? Kwa mgongo wake. Mteja wa kawaida husimama mbele ya kioo, akajitazama, akarekebisha kola, akauliza bei. Mwambie muuzaji akigeuze. Mbao ya nyuma iwe imebadilika rangi bila mpangilio: nyeusi zaidi pale hewa ilipopita, na nyeupe kidogo palipofunikwa na kipande kingine. Ikiwa kahawia sawasawa kila mahali, hiyo ni rangi ya brashi. Tazama na skrubu. Skrubu za nyota zilianza kuenea miaka ya 1930, kwa hiyo ukizikuta kwenye kitu "cha Mjerumani", ama zimebadilishwa au hadithi si ya kweli. Kwenye changu zilikuwa za mfereji mmoja, na mifereji yake haijakaa katikati kabisa.

Halafu kioo chenyewe. Simama pembeni, tazama taswira ya dirisha huku ukisogeza kichwa taratibu. Mistari ya nondo za dirisha ikitikisika kidogo kama maji ya ziwa pale Kirumba asubuhi, kioo ni cha zamani, kilichovutwa kwa mashine kikiwa laini. Kioo cha kuelea juu ya bati lililoyeyuka, kilichotangazwa na kampuni ya Pilkington huko Uingereza mwaka 1959, hakina mawimbi hayo. Lakini kukosa mawimbi hakuthibitishi kitu, maana vioo vya gharama vya zamani vilisuguliwa vikanyooka vizuri tu.

Unene unapimwa kwa ncha ya kalamu. Igusishe kwenye kioo utazame pengo kati ya ncha na taswira yake. Ukitazama ukiwa mbele yake, si pembeni, pengo huonekana kubwa kuliko unene wenyewe, kama mara moja na theluthi, kwa hiyo kioo cha milimita 5 huonyesha pengo la milimita 6 na nusu hivi. Mimi hubeba kipande cha milimita 4 kutoka kwa fundi vioo nikalinganisha papo hapo.

Madoa sasa. Hapa ndipo watu wanapigwa. Madoa ya kweli huanzia kingoni, hasa chini, ambako unyevu hukaa kati ya fremu na kioo, na hufuata mikwaruzo ya mgongoni. Yana ukingo usio sawa, mengine na kivuli cha kahawia. Madoa ya kutengenezwa kwa asidi hutawanyika katikati kama mtu aliyemwagia chai, ukubwa unafanana, kingo zote safi. Ukikuta kingo safi na katikati pamechafuka, weka chini uende zako.

Kuna aina moja ya kuwa nayo makini. Kabla ya mkemia Justus von Liebig kuonyesha mwaka 1835 njia ya kupaka fedha kwenye kioo, na kwa miaka kadhaa baadaye, vioo vilipakwa bati lililochanganywa na zebaki, ileile ambayo wachimbaji wadogo wa Geita wanakamatia dhahabu. Kioo hicho kina mng'ao wa kijivu, na doa lake humetameta kama chumvi, wala si jeusi. Ukikiona usikifungue wala kukikwangua. Ukikuta vitone vya metali kwenye ukingo wa chini wa fremu, usikiingize chumbani.

Sasa nyota ya muuzaji. Kioo kilikuwa kinacheza kwenye fremu, naye akakibana kwa silikoni ya harufu ya siki. Siki hiyo hula rangi ya mgongo na kisha fedha. Pia alipigilia msumari mmoja ukagusa mgongo moja kwa moja. Nilikwangua silikoni yote kwa kipande cha plastiki (kisu kingeharibu mgongo), nikatoa msumari, nikaweka vipande vya kizibo kila sentimita 20 kuzunguka kioo, kisha plaiwudi mpya ya milimita 4 kwa skrubu fupi. Kati ya plaiwudi na kioo niliacha milimita 3 hewa ipite. Fremu ilikuwa na vitobo vitatu vya bungua, mdudu anayekula mbao, vikavu, bila unga mpya chini yake. Nilivipaka dawa hata hivyo.

Uzito ujumlishe kabla ya kutafuta msumari. Kila mita ya mraba ya kioo ina kilo 2.5 kwa kila milimita ya unene, kwa hiyo changu, cha milimita 5, ni kilo 7.5 kioo peke yake, na pamoja na fremu na mgongo karibu kilo 14. Msumari mmoja wa zege hautoshi. Nilitumia fisha (plagi za ukutani) mbili za milimita 8 na skrubu za sentimita 6, zikipita plasta hadi ndani ya tofali, kila moja sentimita 15 kutoka ukingo, usawa ukapimwa kwa pimamaji. Waya wa katikati sikuutumia, maana huvuta fremu kwa ndani na kufungua viungio vya pembe.

Ukuta wenyewe uchague. Nyumba nyingi za vilimani zimeegemea mwamba, na ukuta wa upande wa jiwe hunyonya maji mvua ikikaa. Weka kiganja asubuhi baada ya mvua. Ukiwa wa baridi na unatoa jasho, si ukuta wa kioo. Hata kwenye ukuta mkavu nilibandika nyuma ya pembe mbili za chini vipande vya ndala kuukuu, kama sentimita 1, ili hewa ya ziwani iingie na itoke. Usikielekeze kwenye dirisha la magharibi, maana kuanzia saa kumi jioni jua linaruka juu ya maji na chumba kizima kinawaka.

Kubeba: wima, kimefungwa blanketi, mtu ameketi nacho nyuma ya bajaji. Kikilazwa, kinapinda katikati kila tuta na siku moja kinapasuka. Bodaboda sahau.

Kusafisha ni kitambaa kikavu laini. Mafuta ya vidole yakikataa, lowesha kitambaa kidogo kwa maji na matone machache ya spiriti, kamua, futa kutoka katikati kuelekea nje, uachie sentimita 2 kabla ya fremu. Usipulizie kioo dawa yoyote. Inatiririka chini na kuingia mgongoni, hasa zenye amonia. Wadudu wa ziwani wakigandia karibu na taa, waache wakauke, kisha brashi ya rangi.

Doa kubwa la chini kulia nililipiga picha likiwa na rula pembeni siku ya kutundika: milimita 11. Wiki hii, masika yameshapita, bado ni milimita 11.