Ua la roboti linalochanua kwa mwanga: miezi mitatu sebuleni kwa Mama

Seti niliinunua dukani Kampala, nikaiunga nyumbani Jinja kwa jioni tatu. Ndani mlikuwa na bodi ya Arduino Uno (kompyuta ndogo unayoiandikia programu), kihisi mwanga, rizista, sevo ndogo ya SG90 (mota inayogeuka kwa pembe unayoiamuru) na petali za karatasi ngumu. Mwanga ukiongezeka, bodi inasoma namba kubwa zaidi kati ya 0 na 1023, sevo inageuka, inavuta nyuzi, ua linachanua.

Betri ya volti 9 iliyokuja na seti ndiyo iliyonila wikendi nzima. Kila sevo ilipoanza kuvuta, bodi ilizima ikajiwasha upya, petali zikabaki nusu wazi. Nilidhani kosa ni la programu, nikaiandika upya mara mbili. Kumbe betri zile za mraba hazimudu mkondo unaotakiwa na mota. Nikaipa sevo chaja yake ya volti 5, nikaunga waya hasi wa chaja na hasi ya bodi, na shida ikaisha papo hapo. Kwa bei ile, muuzaji alipaswa kuliandika hilo kwenye karatasi ya maelekezo. Iliniudhi sana.

Petali za karatasi zilijikunja kwa unyevu wa ziwa. Nikakata nyingine za lubugo, kile kitambaa cha gome la mutuba ambacho Waganda hukiponda kwa nyundo za mbao. Nyuma nilishonea waya mwembamba, maana lubugo ni laini na hulala. Rangi yake ni ya udongo mwekundu, na asubuhi jua likipenya dirishani unaona nyuzinyuzi za gome moja moja. Uzi wa pamba ulikuwa unalegea, nikaweka nailoni ya kuvulia samaki kutoka Masese, mwalo wa wavuvi wa Jinja.

Wingu likipita, ua lilikuwa likitetemeka, halijui lifungue au lifumbe. Dawa yake ni namba mbili: kwangu linafunguka ikizidi 600, linafumba ikishuka chini ya 400.

Mama akivuta pazia asubuhi hasogei mpaka petali ya mwisho itulie, ndipo aende kuchemsha chai.

Ningeinunua tena, ila betri ningeiacha dukani. Na watoto wasilifungue ua kwa mkono: gia za sevo hiyo ni za plastiki, mpwa wangu alishang'oa meno ya ile ya kwanza.