Mashine ya kulainisha maji ya tangi la samaki taa: pima kikombe cha kwanza kabla hujanunua

Tangi langu ni la lita 3,000, lina samaki taa wawili wa maji baridi (wa mtoni, si wa baharini), na maji ya bomba ni magumu kiasi kwamba birika huota gamba jeupe ndani ya wiki. Nikanunua mashine ya RO (inayosukuma maji kwenye membreni, utando mwembamba unaozuia chumvi) iliyoandikwa galoni 400 kwa siku, nikaifungia boya kwenye pipa la akiba, nikajua kazi imekwisha. Mwezi mzima pipa likasoma TDS (kipimo cha chumvi na madini yaliyoyeyuka majini) 70 na ushei, ilhali maji yakitiririka kwenye mpira yalisoma 9. Nilibadilisha vichujio vyote, nikanunua na kipimo kingine. Jibu lile lile.

Alfajiri moja niliiwasha mashine ikiwa imelala usiku kucha, nikakinga kikombe kila baada ya dakika. Cha kwanza 160. Cha pili 118. Cha tatu 61. Cha sita ndicho kilichosoma 9. Kumbe mashine ikisimama, chumvi zilizobaki upande mchafu wa membreni hupenya polepole hadi upande safi, na ukiwasha, hayo ndiyo maji yanayotangulia kutoka. Boya langu lilikuwa likishuka kidogo tu, mashine inawaka dakika chache, inazima, inawaka tena, kutwa nzima. Pipa lilijaa maji ya mwanzo.

Basi mimi sihesabu tena hatua za kuchuja wala siangalii taa za rangi kwenye kasha. Natazama jambo hili tu: mashine inafanya nini na maji ya dakika tano za mwanzo?

Nafasi ya kwanza naipa RO ya kuunga mwenyewe, yenye membreni za FilmTec za DuPont, na sifichi kwamba naipendelea. Membreni yao ya galoni 75 (kama lita 284 kwa siku) wanakuambia wazi imepimwa kwa presha ya psi 50 na maji ya nyuzi 25. Mimi nimefunga tatu sambamba, na pampu ya kuongeza presha. Kwenye mpira wa maji safi nikaweka koki ya njia tatu: dakika tano za mwanzo naelekeza kwenye ndoo ya kudekia, halafu nageuzia pipani. Boya nimeliachia kazi moja, kufunga pipa likijaa. Najaza mara moja kwa wiki, kwa mkupuo mmoja mrefu. Pipa sasa linasoma 11.

Usidanganyike na maneno “inajisafisha yenyewe”. Mashine nyingi za aina hiyo husukuma maji ya bomba upande mchafu wa membreni. Chumvi iliyokwisha kuvuka inabaki palepale, na pipa lako ndilo litakaloipokea.

Usimwage RO tupu tangini. KH (uwezo wa maji kuzuia pH isishuke) ikiisha pH huporomoka, na ikishuka chini ya 6 bakteria wa kichujio huzorota, wakati taa ni samaki wa kula sana na kutoa amonia nyingi. Changanya. Bomba likiwa GH (kipimo cha ugumu wa maji) 18 nawe unataka 5, weka asilimia 28 ya bomba iliyoondolewa klorini na 72 ya RO. Kwangu, kubadilisha lita 1,200 kwa wiki kunataka kama lita 864 za RO, siku moja ya membreni tatu. Na kama taa wako ni motoro (aina mojawapo ya taa wa mtoni) aliyezaliwa tangini na maji yako ni ya ugumu wa wastani, huenda huhitaji mashine yoyote. Waliovuliwa mtoni ndio wasiovumilia.

Nafasi ya pili ni mitungi ya rezini za kuondoa madini. Haimwagi maji ovyo kama RO, ila kuihuisha kunataka asidi na soda kali, vitu ambavyo sitaki nyumbani penye watoto. Maji ya mvua ni mazuri ukiwa na paa safi. Mboji, majani makavu na dawa za kushusha pH hazitoshi kwa lita 3,000 za maji magumu.

Mashine ya chumvi ni ya mwisho kabisa, na hapa nina kinyongo. Wauzaji wanaisifia kwa wafugaji wa taa kwa sababu birika linabaki safi. Inachofanya ni kutoa kalisi na magnesi na kuweka sodiamu mahali pake. KH iko vilevile, na TDS karibu ileile. Iweke mbele ya RO ilinde membreni, sawa. Peke yake, hapana.

Halafu hizo galoni 400. Hakuna aliyeniambia zimepimwa kwa presha gani, wala kwamba kila nyuzi moja chini ya 25 inakata kama asilimia 3 ya maji. Nilipouliza nilijibiwa “maji ni maji, dada”. Wengine wanakuletea mashine ya maji ya kunywa yenye kitangi cha presha, nacho kikianza kujaa kinaisukuma membreni kinyume, maji yanapungua na TDS inapanda. Siku hizi naenda dukani na kipimo changu mfukoni. Naomba wawashe mashine iliyolala tangu jana, nikinge kikombe cha kwanza mbele yao. Wawili wamekataa, na sijanunua kwao hata mpira.