Uzoefu wangu na MiFi ya Huawei E5577 safarini: bendi, betri na bando linaloyeyuka

MiFi ni kifaa kidogo cha mfukoni kinachotumia laini ya simu kutoa Wi-Fi. Natumia E5577s-321, ile yenye betri ya mAh 3,000, kwa laptopu, tableti na simu mbili ninapokuwa njiani. Kwa mtu mwenye kifaa kimoja tu, hotspoti ya simu inamtosha. Vikifika vitatu, simu inachemka na chaji inakwisha kabla ya saa sita mchana. Isitoshe, kwa simu au laini isiyopiga kupitia 4G, mtu akikupigia tu mtandao unashuka 3G na kazi inasimama. MiFi haina shida hiyo, na kwa hilo peke yake naona imelipa.

Kitu cha kwanza kuangalia dukani ni bendi, yaani masafa ya mawimbi ya 4G ambayo kifaa kinaweza kushika. E5577s-321 inashika bendi 3 (MHz 1800) na bendi 20 (MHz 800), na hizo mbili ndizo zinazokubeba sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Bendi 3 ina kasi mjini. Bendi 20 inafika mbali zaidi na kupenya kuta vizuri, ndiyo maana nje ya mji unaihitaji. MiFi nyingi zilizotumika kutoka Marekani zimetengenezwa kwa bendi 12, 13 na 17. Zinawaka vizuri, zinasoma laini, halafu zinabaki 3G au zinakosa mtandao kabisa, na muuzaji atakuambia tatizo ni laini yako. Soma namba kamili ya toleo chini ya betri, usiishie kusoma jina lililo kwenye boksi. Pia ijaribu hapohapo kwa laini za kampuni mbili tofauti, maana iliyofungwa kwa mtandao mmoja itakudai namba ya siri ya kuifungulia.

Laini inakaa chini ya betri, kwa hiyo kila ukibadilisha ni lazima uzime. Kama tundu ni kubwa kuliko laini yako ya nano, adapta ikae sawa kabisa. Ukiingiza adapta tupu bila laini, vijipini vya ndani vinanasa kwenye uwazi wake, na ukivuta kwa nguvu vinapinda. Hapo kifaa kimekufa kwa kosa la sekunde mbili.

Mipangilio iko 192.168.8.1 kwenye kivinjari. Jina na nywila ya kuanzia ni admin, na hiyo ibadilishe siku ya kwanza. Kama intaneti haiji wakati alama ya mtandao imejaa, angalia APN, yaani jina la njia ya intaneti ya kampuni yako: kwa Vodacom Tanzania ni internet, kwa Safaricom ni safaricom. Ukikaribia mpaka, tuseme Namanga kati ya Tanzania na Kenya, zima data ya roaming (kutumia mtandao wa nchi nyingine) humohumo, kwa sababu MiFi inaweza kudaka mnara wa ng'ambo ikala salio kimyakimya.

Vijiti vya mtandao kwenye skrini usiviamini sana. Fungua ukurasa wa mwanzo wa mipangilio, kisha kwenye kivinjari hichohicho andika 192.168.8.1/api/device/signal. Utaona RSRP (nguvu ya mawimbi) na SINR (usafi wa mawimbi ukilinganisha na kelele). RSRP ya -85 ni nzuri, -100 inavumilika, ikishuka chini ya -110 usianze mkutano wa video. SINR ikiwa karibu na 0, MiFi inausikia mnara lakini kelele ni nyingi. Kuisogeza MiFi mita moja tu kunaweza kubadilisha namba hizi. Ndani ya basi iweke karibu na kioo cha dirisha, isiwe kwenye begi la juu, kwani bodi la chuma linameza mawimbi. Kwenye nyumba ya bati iweke dirishani upande wa mnara. Pembeni kuna matundu mawili ya antena ya nje aina ya TS-9, yanasaidia sana kijijini, ila ni dhaifu mno: chomeka mara moja na uiache, usichomoe chomoe.

Sasa bando, ambalo ndilo linalowatoa watu machozi. Simu na laptopu zikiona Wi-Fi zinadhani ni ya bure. Windows inaanza kushusha masasisho, simu inapakia picha zote za wiki nzima, programu zinajisasisha, na GB 5 zinakwisha hujafungua hata barua pepe. Watu wanalaumu kampuni ya simu kwamba imeiba, wakati mla bando yumo mezani. Dawa yake: kwenye Windows, fungua sifa za Wi-Fi hiyo na uiwekee kuwa ni mtandao wa kulipia data (metered). Kwenye Android, gusa jina la mtandao na uchague kuwa ni mtandao unaopimiwa data (metered). Kwenye iPhone, washa hali ya kutumia data kidogo kwa Wi-Fi hiyo. Fanya hivyo kwa kila kifaa kabla ya kujiunga na bando. Baada ya hapo hesabu inaeleweka: mkutano wa video huweza kula karibu GB 1 kwa saa, kuandika na barua pepe ni kidogo mno.

Kujiunga nako kuna utaratibu wake. Si kila toleo linakubali menyu ya kununua bando kama *149*01# ya Vodacom Tanzania ndani ya ukurasa wake, kwa hiyo mimi nanunua bando kwa laini ikiwa ndani ya simu, ndipo naihamishia. Tena usiweke humo laini yenye pesa zako au inayopokea namba za siri za benki. SMS zinaingia kwenye MiFi, na kisanduku kikijaa mpya haziingii.

Chaji: vifaa vitatu, mtandao mzuri, napata saa 8 hivi. Mtandao ukiwa dhaifu inashuka sana, kwa sababu redio inaongeza nguvu kuutafuta mnara. Usiiache kwenye chaja usiku na mchana wala juu ya dashibodi ya gari juani. Joto na chaji iliyojaa muda wote ndivyo vinavyovimbisha betri. Kava la nyuma likianza kuinuka, acha kuitumia, badilisha betri. Na kama pawabenki yako inajizima yenyewe baada ya dakika chache, si mbovu: MiFi iliyojaa inavuta umeme kidogo mno mpaka pawabenki inadhani hakuna kilichochomekwa. Iache MiFi ishuke hadi asilimia 30 ndipo uichomeke.

Wi-Fi nayo hujizima baada ya dakika 10 bila mtumiaji. Bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja fupi, itarudi. Ukikishikilia utaizima kabisa.