Nikon Monarch M5 8x42: darubini ya windo la ndege Malindi

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama kwa starehe mwaka 1977. Raha ya windo haikuondoka na bunduki: kuamka alfajiri, kuupima upepo, kunyemelea, kumfuata ndege arukaye mpaka umweke katikati ya kioo. Kwa sisi wa Malindi silaha ya windo hilo ni darubini, na kati ya zile za bei ya wastani, Monarch M5 8x42 ndiyo tunayompendekezea mtu asiyetaka kununua mara mbili.

Tuanze na nambari, maana ndizo zinazowapoteza wanunuzi. 8 ni ukuzaji: ndege aliye mita 200 utamwona kana kwamba yuko mita 25. 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ukigawa 42 kwa 8 unapata 5.25, ambao ni upana wa mwali wa mwanga unaoingia jichoni. Jua likiwa kali mboni hujibana hadi milimita 2 au 3, kwa hiyo saa nne asubuhi kwenye mdomo wa mto Sabaki hata darubini ndogo itakutosha. Kazi iko ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke saa kumi na mbili na nusu asubuhi, chini ya miti, mboni zikiwa wazi. Hapo M5 ya 10x42, yenye mwali wa 4.2, huanza kuwa na giza mapema.

Watu hukimbilia 10 wakidhani zaidi ni bora. Lakini kila mtikisiko wa mkono nao hukuzwa mara 10, na upepo wa kusi ukivuma pwani mkono hautulii. Uwanja wa kuona nao hupungua: 8x42 inaonyesha upana wa mita 112 kwa umbali wa mita 1,000, ile ya 10x42 mita 98. Hata hizo 112 si nyingi. Zipo darubini za 8x42 zenye uwanja mpana zaidi, na huu ndio upungufu wa M5 tunaoujutia, hasa keremkerem wanapopita kwa kasi.

Dawa yake ni namna ya kuinua. Wanaolenga visahani vya udongo hufundishwa macho yasiiache shabaha, bunduki ndiyo ipande. Fanya vivyo hivyo: mkazie ndege macho, usiteremshe kichwa, leta darubini machoni huku mwili ukigeuka pamoja naye kuanzia kiunoni. Anayeitazama darubini kwanza kisha akamtafuta ndege, atakuta anga tupu.

Kabla ya hapo, ilinganishe na macho yako. Kunja bawaba mpaka miduara miwili iwe mmoja. Wenye miwani waache vikombe vya macho vikiwa chini (nafasi ya milimita 19.5 inawatosha), wasio na miwani wavizungushe vitoke nje. Ziba lenzi ya mbele ya kulia, tazama kitu kisichotikisika, kama nguzo ya stima, na usafishe picha ya jicho la kushoto kwa gurudumu la katikati. Kisha ziba ya kushoto, usiguse gurudumu, zungusha pete iliyo kwenye kioo cha jicho la kulia. Pete hiyo haina kufuli, husogea ikisugua begi. Ukiona macho yanauma baada ya nusu saa, anza kuikagua hiyo.

Hori la Mida, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, ndipo darubini hii inapolipa gharama yake. Fika maji yakiwa yanajaa, kama saa tatu kabla ya kujaa kabisa, na kwa bamvua ni bora kuliko maji mafu. Maji yanawasukuma ndege kutoka matopeni kuja upande wako, na kati ya Oktoba na Machi utawapata vitwitwi, sululu na Dromas ardeola, yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Ukichelewa hadi adhuhuri mazigazi yatachemsha picha, na hakuna kioo cha bei yoyote kinachotibu hewa. Na kutofautisha aina mbili za vitwitwi wa mchanga walio mita 300, 8x haitoshi. Hiyo ni kazi ya teleskopu na miguu mitatu.

Uzito ni gramu 630. Mkanda wa shingoni unachosha kufikia saa tano. Tafuta ule wa kuvuka mabegani.

Adui mkubwa wa darubini hapa pwani ni chumvi. Ndani imejazwa naitrojeni na inastahimili maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 10, kwa hiyo usiogope kuisuuza. Mimina maji baridi ya bomba juu ya lenzi kwanza, chembe ziondoke, halafu ndiyo ufute kwa kitambaa laini. Anayefuta chumvi kavu kwa ncha ya kanzu au leso anaukwaruza utando mwembamba uliopakwa juu ya lenzi, na utando haurudishwi. Usiifungie kabatini kwenye nyumba ya mawe yenye unyevu. Iweke kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko pamoja na vifuko vya silika, ukivibadilisha vikishalowa.

Ukiuziwa iliyotumika, pitisha mwanga wa tochi kutoka upande wa lenzi kubwa: nyuzi kama za buibui ni kuvu, iache. Kisha tazama upeo wa bahari kwa macho yote mawili. Ukiona mistari miwili, vioo vya ndani vimehama kwa kuangushwa. Na zile za barabarani zenye lenzi nyekundu zinazong'aa, zilizoandikwa ukuzaji wa 100 na zaidi, hazistahili hata kujaribiwa. Wekundu ule ni mwanga unaorudishwa nje, ambao ungepaswa kufika jichoni mwako.