Glasi sita za mvinyo: uzoefu wangu baada ya miezi mitatu

Siku niliyorudi kutoka Kariakoo na boksi la glasi sita za mvinyo, shilingi 54,000, mke wangu alinuna mpaka usiku. Kabatini tulikuwa na bilauri kumi na mbili, na kwa hesabu yake koo halijui limeletewa kinywaji na chombo gani. Sikuwa na jibu. Miaka yote nimekunywa mvinyo wa Dodoma kwa bilauri, mara moja moja hata kwa kikombe cha plastiki, na sikuwahi kulalamika.

Glasi zenyewe zina mguu mrefu, tumbo pana, halafu zinajibana kuelekea mdomoni. Muuzaji alinieleza kwamba umbo hilo hupeleka mvinyo sehemu maalumu ya ulimi, kwa kuwa eti ncha huonja utamu, pembeni ugwadu na nyuma uchungu. Ni kamba, ingawa si yeye aliyeisokota. Ramani hiyo ya ulimi ilitokana na kazi ya Mjerumani David Hänig ya mwaka 1901, ambayo waliomfuata waliielewa vibaya. Ladha zote huonjwa karibu ulimi mzima. Kwa hiyo nilifika nyumbani nikiwa nimeshaanza kujuta.

Jumamosi iliyofuata shemeji alikuja kutusalimia, nasi tukamgeuza kipimo. Nilikuwa na chupa moja ya mvinyo mwekundu mkavu wa Dodoma, wa zabibu ya Makutupora, niliyoilaza kwenye friji nusu saa. Nilimfunga macho kwa mtandio wa dada yake, na dada mtu ndiye aliyekuwa akimsogezea vyombo vitatu: bilauri, glasi mpya, na glasi moja kubwa kama mpira niliyoazima kwa jirani.

Ya bilauri alinusa, akanywa: "Waini ya kawaida." Ya glasi mpya alinusa, akanyamaza, akanusa tena. "Shemeji, hii ina harufu ya zambarau. Hii umenunua ghali." Ya ile kubwa alirudisha kichwa nyuma: "Hii mmetia spiriti!"

Tulipomfungua macho na kumwonyesha chupa moja, aliapa tumemchezea. Hapo mke wangu akaleta wazo lililoshinda yangu yote: azibe pua. Akaziba, akafungwa tena macho, akaonja zote tatu. Hakuweza kutofautisha hata moja. Ukakasi ule ule, ugwadu ule ule.

Basi kazi ya umbo iko puani. Mwaka 2015 watafiti wa Tokyo, akiwemo Kohji Mitsubayashi, walichapisha picha za mvuke wa alkoholi ukipanda kutoka kwenye vyombo mbalimbali. Katika glasi ya mvinyo, kinywaji kikiwa na nyuzi joto 13, mvuke ulijikusanya ukingoni kama pete, na katikati ulikuwa mchache. Glasi ya martini, ile iliyopanuka juu kama faneli, na ile iliyonyooka hazikutoa pete hiyo. Ukiingiza pua katikati ya pete, alkoholi haikuchomi sana na harufu ya tunda inapata nafasi. Nadhani ndiyo zambarau ya shemeji.

Ile kubwa ina mkasa wake. Maumbo ya aina hiyo yalipata jina baada ya Claus Riedel wa Austria kutengeneza mwaka 1958 glasi pana kwa ajili ya mvinyo wa Burgundy, kule Ufaransa. Huko wana baridi. Mimi nanywea barazani Dar, saa mbili usiku, shati limenigandia mgongoni. Katika tumbo pana vile mvinyo unapata joto upesi, na kinachotangulia kukupanda puani ni alkoholi. Nilimrudishia jirani glasi yake siku ya pili.

Kuna sharti moja ambalo muuzaji hakuniambia: usijaze. Mimina theluthi tu, ili harufu ipate pa kukaa. Ile glasi ndogo ya waonjaji iliyowekewa kiwango cha kimataifa mwaka 1977 huchukua kama mililita 215, na humiminwa 50 tu. Nyumbani sharti hili limeniletea sifa mbaya. Mgeni wa Kiswahili ukimpa theluthi ya glasi anajua umemfukuza kwa adabu, kwa hiyo chupa huwa naiacha mezani mbele yake.

Kwa mvinyo mtamu wa kunywa baridi sana sikuona tofauti yoyote, bilauri inatosha. Na zile glasi bapa kama kisahani tunazopewa harusini kwa vinywaji vya mapovu, gesi inakimbia kabla hotuba ya mjomba haijaisha. Glasi nyembamba ndefu huitunza zaidi.

Lawama yangu ni moja. Boksi liliandikwa kristali, lakini ni kioo cha kawaida, na mguu wa moja ulikatika nikiuosha wiki ya pili. Dukani wakacheka: kioo hakina garantii. Sasa naziosha kwa kushika tumbo, siyo mguu.

Ningerudi leo, ningenunua mbili au tatu tu, za ukubwa wa kati. Tano zilizobaki zinatosha kwetu, ila moja si yangu tena: shemeji akija anafungua kabati mwenyewe, anaichukua, na kabla ya salamu anauliza kama ile waini ya zambarau bado ipo.